Mkanda Mpya kwa Redio Kaseti ya Zamani

Kabla ya kushika bisibisi, badilisha mawe ya betri. Redio kaseti nyingi zinazosingiziwa mkanda wa mpira wa ndani hazina ugonjwa mwingine ila mawe yaliyochoka: sauti inazama, mwimbaji anavuta maneno, halafu utepe unasimama kabisa. Mashine ya mawe sita inataka volti 9. Pima kila jiwe kwa mita likiwa ndani na mota inazunguka. Lile linalosoma chini ya volti 1.2 liondoe. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014, na mawe makubwa yanayopatikana madukani siku hizi yanatofautiana sana kwa nguvu, kwa hiyo usiseme jiwe ni zima kwa sababu tu umelitoa kwenye karatasi yake sasa hivi.

Kama unatumia sola, kuwa mwangalifu zaidi. Betri ya gari ya volti 12 ikijaa husoma karibu 12.7, na paneli ikiichaji kwenye jua la saa sita hupanda kupita 14. Ukiiunganisha moja kwa moja na redio iliyoandikwa DC 9V, utaunguza kitu kabla hujajua kama mkanda ulikuwa na kosa. Tafuta kifaa cha kushusha umeme, kiweke volti 9, kipime kwa mita kwanza. Tazama pia mchoro mdogo ulio karibu na tundu la umeme, kwa sababu mashine kadhaa za zamani za Japani ziliweka hasi katikati, na chaja nyingi za leo zinaweka chanya.

Umeme ukiwa sawa na shida bado ipo, sasa mkanda una kesi ya kujibu. Weka kaseti usiyoijali, bonyeza kitufe cha kuchezesha, sogeza sikio. Ukisikia mota inanguruma na hakuna kinachozunguka, mkanda umekatika au umeyeyuka. Mashine ikianza kisha ikasimama, na ukiisaidia kwa kidole inaendelea, mkanda umelegea. Sauti ikiyumba, inapanda na kushuka kama mtu anayesoma akiwa juu ya lori, mkanda umekaa muda mrefu bila kuzunguka ukaota kibyongo, au roli ya mpira imekauka. Utepe ukianza kuliwa, zima mara moja: kijiti cha kuukusanya kimeacha kazi yake, nao unajikunja ndani. Mota ikiwa kimya kabisa, mkanda hauna hatia. Angalia ile swichi ndogo ya mabati mawili iliyo chini ya vitufe. Mara nyingi imeshika kutu, na kipande cha karatasi kilicholowa spiriti ukikipitisha katikati ya mabati kinatosha kuiamsha.

Inafaa ujue mkanda unafanya kazi gani, maana hapo ndipo utaelewa kwa nini si kila mpira unafaa. Mota inazunguka kasi sana na kwa kushtukashtuka. Mkanda unachukua mzunguko huo, unameza mishtuko, unaupeleka kwenye gurudumu zito. Katikati ya gurudumu hilo umetoka mhimili mwembamba wa chuma unaobanwa na roli ya mpira, na wawili hao ndio wanaovuta utepe mbele ya hedi inayosoma sauti kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Mwendo huo uliwekwa na kampuni ya Philips ilipotoa kaseti mwaka 1963, na kaseti zote duniani zimeufuata. Mwendo ukipungua kwa asilimia 6, sauti nzima inashuka nusu toni na kila neno linarefuka. Mzee aliyekuwa na sauti kali anasikika kama mgonjwa. Mkanda mbaya unaiharibu sauti ya mtu, na msikilizaji asiyemjua mwenye sauti hatagundua.

Kwetu huku kaskazini mwa Kenya jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwingine. Kwa Wasomali kaseti ilikuwa kitabu na barua kwa pamoja. Mwishoni mwa mwaka 1979 washairi walianza kujibizana katika mfululizo wa mashairi ulioitwa Deelley, ulioanzishwa na Mohamed Hashi Dhama, maarufu Gaarriye, na majibu yakasambaa kwa kaseti kutoka mkono hadi mkono. Hargeisa iliposhambuliwa kwa mabomu mwaka 1988, wafanyakazi wa redio ya mji huo waliokoa kanda zao kwa kuzificha, nyingine wakazifukia ardhini. Leo wakfu wa utamaduni wa Redsea mjini Hargeisa unahifadhi zaidi ya kaseti 10,000. Kutoka Buna hadi Bute hadi Gurar, ambako Kisomali na Kiborana vinasikika sokoni bega kwa bega, kaseti zilibeba mashairi ya ngamia, nyimbo za arusi, tafsiri ya Kurani, na salamu za ndugu waliokwenda kutafuta riziki Ghuba ambao waliona ni rahisi kusema kuliko kuandika. Nyingi za kanda hizo hazina nakala. Ndiyo sababu ninasisitiza mkanda ulio sahihi, hata kama utausubiri.

Sasa fungua. Fanya kazi hii asubuhi mapema kabla upepo haujaanza, ndani ya chumba, juu ya kitambaa cheupe ili skrubu ikianguka uione. Wakati wa Jilal, msimu wa kiangazi, vumbi likiwa jembamba kama unga, funga na dirisha. Toa mawe, chomoa waya wa umeme ukutani, na kama ni deki ya mezani inayotumia umeme wa nyumba, iache dakika kadhaa kwanza, kwani kapasita kubwa zilizo ndani hukaa na umeme hata baada ya kuchomoa. Piga picha kwa simu kila unapoondoa kitu. Skrubu za nyuma ya redio kaseti hukaa kwenye mashimo marefu na urefu wake hutofautiana. Ukirudisha ndefu mahali pa fupi itatoboa ubao wa saketi. Zipange juu ya karatasi uliyochorea umbo la redio, kila moja mahali ilipotoka. Skrubu nyingine mara nyingi hujificha ndani ya chumba cha mawe au karibu na erio. Kabla ya kutenganisha mabamba mawili ya kasha, vuta vifuniko vya vitufe vya kuzungusha, kisha yafungue polepole, kwa sababu waya za spika ni fupi.

Utaona kifaa cha kaseti kimeshikwa kwa skrubu tatu au nne. Kigeuze uone mgongo wake: mota upande mmoja, gurudumu zito upande wa pili, na juu ya gurudumu kuna bamba linalolishikilia. Kwenye mashine nyingi mkanda hautoki bila kulegeza bamba hilo. Ukiliondoa kabisa, gurudumu linaweza kuchomoka pamoja na mhimili wake, na kwenye mhimili huo kuna washa ndogo ya plastiki iliyo nyepesi kiasi kwamba pumzi yako inaweza kuipeperusha. Itoe kwa kibano uiweke ndani ya kizibo cha chupa kabla hujafanya lolote lingine.

Hapa huenda ukakutana na lami. Baadhi ya mikanda ya miaka ya themanini ilitengenezwa kwa mpira ambao ukizeeka haukatiki, unayeyuka na kuwa uji mweusi unaonata. Joto linaharakisha jambo hilo, na redio iliyokaa miaka kumi juu ya kabati chini ya bati la Bute imepata joto la kutosha. Usiuguse kwa vidole. Ukiugusa, utaukuta kwenye shati, kwenye simu, na kwenye mlango. Vaa glavu za hospitali. Kwanza kwangua kwa kijiti cha mswaki ulichokichonga ncha bapa. Mti ni laini, haukwaruzi puli kama kisu. Kisha futa kwa pamba iliyolowa spiriti, ukibadilisha pamba kila inapokuwa nyeusi, mpaka pamba itoke safi. Usiharakishe sehemu ya puli ya mota. Ni ndogo, ina mfereji mwembamba, na mabaki ya lami yakibaki ndani yake yatafanya kinundu kitakachogonga kila mzunguko. Mkanda mpya hautaponya kinundu hicho.

Kuhusu spiriti: duka la dawa likikuuzia ile ya kusafishia vidonda, soma kibandiko. Baadhi huchanganywa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo yatabaki kwenye puli na kuufanya mkanda uteleze. Jeli ya kusafishia mikono ni mbaya zaidi, ina gliserini. Omba isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Petroli usiilete karibu, inakula plastiki na mpira.

Puli zikiwa safi, pima. Kama mkanda wa zamani upo mzima, usiuchukue kama kipimo cha mwisho, maana umeshavutika. Chukua uzi wa kushonea usiovutika, uzungushe kwenye njia yote unayopita mkanda, kuanzia puli ya mota, gurudumu, na kila kipuli kingine, ukate pale ncha zinapokutana, kisha uulaze kwenye rula. Tuseme umepata milimita 220. Ondoa asilimia 5: inabaki 209. Wauzaji wengi hutaja kipenyo cha mkanda ukiwa duara, kwa hiyo gawa kwa 3.14, utapata karibu 66.6. Agiza wa 66 au 67. Mkanda wa gurudumu zito kwa kawaida ni bapa, upana milimita 4 au 5, unene nusu milimita au zaidi kidogo. Ule wa kaunta ya namba na wa kukusanya utepe mara nyingi ni wa pembe nne, unene kama milimita 1.2. Andika yote kwenye karatasi pamoja na jina na namba ya mashine iliyo nyuma yake.

Bute hutaupata. Maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, ndiko pa kuanzia. Mtume mtu anayejua kupima, ama tuma picha ya karatasi yako kwa simu, ulipe kwa M-Pesa, mzigo uje na basi. Ukiuziwa pakiti ya mikanda mchanganyiko ni afadhali, kwa kuwa utabaki na akiba ya redio ya jirani. Vuta kila mkanda uutazame: mzuri ni mweusi uliokolea, hauna mng'ao, ukiukunja hauonyeshi nyufa.

Mafundi wetu wamekata mikanda kutoka tyubu ya baiskeli kwa miaka mingi, na ninawaheshimu, kwani wameziweka hai redio ambazo zingetupwa. Kwa kaunta, au kwa kukusanya utepe, mkanda wa tyubu unaweza kukusogeza mpaka mzigo ufike. Kwa gurudumu zito sikubali. Unene wa tyubu hautoshani, mkasi hauendi sawa, na kila mahali palipo nene huifanya sauti iyumbe mara moja kwa kila mzunguko wa mkanda. Rababendi ni mbaya kuliko tyubu: inavutika kupita kiasi, inavuta mhimili wa mota upande mmoja mpaka bushi zake zinaliwa, na kwa joto letu inakauka na kukatika upesi. Ukishaambiwa na mtu kwamba sauti inatoka, usitosheke. Uliza inatoka kwa mwendo gani.

Kuuvisha mkanda mpya ni kazi ya dakika chache ukiwa mtulivu. Nawa mikono kwa sabuni, hasa kama umetoka kula, kwani mafuta ya nyama kwenye mkanda bapa yanatosha kuutelezesha. Uvishe kwanza kwenye gurudumu zito, kisha uvute kwa kibano cha plastiki au kwa kitanzi cha uzi hadi puli ya mota. Puli ya mota ikiwa na mifereji miwili, rejea picha yako: kila mkanda una wake, na ukikosea itabidi ufungue tena. Mashine zinazogeuza upande zenyewe zina magurudumu mawili yanayozunguka kinyume, na mkanda unapita kama herufi S, uso wake wa ndani ukishika gurudumu moja na uso wa nje ukishika la pili. Hapo picha ya kabla ya kufungua ndiyo mwalimu wako pekee. Ukishamaliza, zungusha gurudumu kwa kidole mara kadhaa ukitazama kama mkanda unapanda ukingoni. Usiupotoe. Mkanda bapa uliopinduka utaonekana sawa na utasikika vibaya.

Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye shina la mhimili kabla ya kurudisha gurudumu linatosha, futa linalozidi. Mafuta yakimwagika kwenye mkanda, anza upya na spiriti.

Mashine ikiwa bado wazi, safisha hedi, mhimili na roli kwa pamba. Ute wa kahawia unaotoka ni unga wa utepe wa miaka mingi. Roli inayong'aa kama kioo isugue kwa kitambaa kibichi chenye sabuni kidogo hadi irudie weusi wake, halafu iache ikauke kabisa.

Sasa mwendo. Kwenye mgongo wa mota kuna tundu dogo, na ndani yake kuna skrubu ya kurekebisha kasi. Kabla ya kuigusa, weka alama ya kalamu mahali ilipo. Njia bora ni kuwa na kaseti ya majaribio yenye mlio wa hezi 3,000 na programu ya simu inayosoma hezi. Ikisoma 2,910, mashine iko nyuma kwa asilimia 3. Geuza skrubu kidogo sana, subiri, soma tena. Usijaribu kurekodi mlio huo kwa mashine hiyohiyo kisha ukausoma, maana kosa lake la kurekodi na kosa lake la kuchezesha yatafutana, nawe utadhani imepona.

Usipokuwa na kaseti ya majaribio, tafuta ndani ya kanda zenyewe. Watu wengi walirekodi kutoka redioni, na idhaa ya Kisomali ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilisikilizwa sana pande hizi. Ukibahatika kukuta kaseti iliyonasa milio sita ya saa ya BBC, mitano mifupi na wa mwisho mrefu, una kipimo cha kuaminika, kwani milio hiyo ni ya hezi 1,000. Kwa kaseti iliyorekodiwa nje, sikiliza mngurumo hafifu wa umeme chini ya maneno: iliyotoka Oman au Kuwait itakuwa na hezi 50, na iliyotoka Saudia hezi 60. Ndugu aliyerekodi salamu zake akiwa Riyadh alikuachia kipimo bila kujua. Kumbuka tu kwamba vipimo hivi vinapima na mashine iliyorekodi pia. Kaseti iliyorekodiwa Bute kwa mawe yaliyokuwa yakikata roho itaenda kasi kwenye mashine nzuri, na hiyo utairekebisha baadaye kwenye kompyuta. Mota usiiguse kwa ajili yake.

Kabla ya kuweka kaseti ya thamani, fanya mambo matatu. Vunja vile vipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake, ili kitufe cha kurekodi kisiweze kubonyezwa juu ya sauti ya marehemu. Zungusha utepe kwa kalamu ya Bic raundi chache uone kama umeshikana. Tazama kile kisufi kilicho nyuma ya utepe katikati. Kikiwa kimebanduka, sauti itakuwa hafifu na utailaumu hedi bure. Utepe uliokatika usiuunge kwa selotepu ya kawaida, gundi yake huvuja kwenye joto na kushika raundi ya pili. Ipo selotepu maalumu ya kazi hiyo.

Halafu nakili mara ya kwanza unapochezesha, usisubiri ya pili. Kebo kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta ni bora kuliko kuweka simu mbele ya spika, kwani simu itachukua na mbuzi na pikipiki. Weka sauti chini kidogo ya ile inayoanza kukwaruza, rekodi katika muundo wa WAV, upande mzima bila kukatiza. Muulize mwenye kaseti kabla ya kuituma kwa yeyote. Kuna nyimbo za arusi ambazo kina mama waliziimba wakijua ni wanawake tu wanaosikia, na kuna salamu za kifamilia zenye majina ya watu na madeni yao. Mwenye nyumba ndiye wa kuamua nani asikie. Andika kwenye faili jina la anayesema, lugha, mahali, na mwaka kama wazee wanaukumbuka, ukiwauliza huku wakisikiliza, maana sauti huwafungua kumbukumbu kuliko maswali.

Ukimaliza, bonyeza kitufe cha kusimamisha. Ukikiacha cha kuchezesha kikiwa chini, roli itabaki imebanwa kwenye mhimili na itaota kibonyeo. Mikanda ya akiba ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iweke mbali na bati na jua, ndani ya sanduku la chini kabisa. Na kila mwezi izungushe mashine dakika chache hata kama huna cha kusikiliza, ili mkanda usikae kwenye mkunjo mmoja.